Kamera Iliyopakwa Mafuta

Hakupiga picha ya mtu ambaye hajamgusa. Hiyo ndiyo sheria pekee niliyowahi kumsikia akiitetea kwa sauti ya juu, na aliitetea mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mchungaji wake mwenyewe, na mbele ya afisa mmoja wa wilaya aliyeingia na haraka zake akitaka picha ya kitambulisho bila kushikwashikwa. Afisa alisema gari linamngoja. Yeye akamjibu kwamba gari halina kidevu, acha lingoje. Kisha akamwendea, akamshika mabega kwa viganja vyote viwili, akamgeuza kidogo kuelekea dirishani, akamnyoosha kola, akamgusa kidevu kwa ncha ya kidole gumba kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto, na ndipo akarudi nyuma ya kamera. Afisa alitoka pale amepoa, na nasikia picha ile aliendelea kuitumia hata baada ya kustaafu.

Tulimwita Mama wa Studio. Alikuwa na jina, bila shaka, na watu wa kanisa lake walilijua, lakini kwetu sisi wa mtaa ule wa Kitui mjini, ambako studio yake na cherehani za mama yangu zilitenganishwa na ukuta wa mabati, jina hilo lingetushtua kama kumkuta mwalimu akioga mtoni. Alizaliwa na nani na wapi, sikuuliza nilipokuwa na nafasi ya kuuliza, na sasa sioni haja. Nilimjua mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa msichana wa shule ya msingi. Nikamjua nilipohitimu chuo kikuu. Na katikati ya hapo nilimsikia kila siku kupitia mabati yale, akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili ambayo, kusema kweli, haikuwa ya pili wala ya kwanza.

Nyuma ya kiti cha wateja wake palining'inia turubai lililochorwa maporomoko ya maji. Mchoraji alikuwa fundi wa mabango ya hoteli ambaye, kwa kukiri kwake mwenyewe, hakuwahi kuona maporomoko yoyote, na maji yake yalishuka yamenyooka kama nywele zilizotoka kuchanwa. Mwaka wa ukame, watu walioamka alfajiri kuswaga punda kwenda kutafuta maji mbali walikuja mchana wakasimama mbele ya maji yale, wamevaa koti la studio, na kutabasamu. Hakuna aliyeona ajabu. Mama wa Studio alisema mtu hapigwi picha na alichonacho. Hicho watu wa kwao wanakijua tayari.

Koti lenyewe lilikuwa la kijivu, na nusu ya wanaume wa Kitui wamo ndani yake hadi leo, katika vyeti vya ndoa na fremu za sebuleni. Pamoja nalo palikuwa na tai iliyofungwa tayari, kitana, poda, na hereni zilizoazimwa na akina mama wa kila dhehebu. Hapa ndipo watu wengine walipomwona kuwa mwanamke wa nyuso mbili, kwa maana Jumapili alisimama kanisani akakemea majivuno ya mavazi hadi mabinti wakavuta leso vichwani, na Jumatatu akawavalisha mabinti haohao hereni. Mke wa mchungaji alimuuliza juu ya jambo hilo, mbele ya mama yangu. Akamjibu bila kuacha kufuta lenzi, "Kanisani mtu anaonekana na Mungu, na Mungu amemzoea. Hapa anaonekana na wakwe."

Alikuwa mkali na mwenye haya kwa wakati mmoja. Aliweza kumfukuza mtu mzima aliyekuja amelewa, kisha akaingia chumba cha giza na kulia kwa sababu amemfukuza. Alipenda mabishano ila hakupenda kushinda. Ukikaribia kukubali kwamba umekosea, alibadilisha mazungumzo. Na alicheka mazishini. Hakuwa na dharau. Aliwakumbuka tu marehemu kama walivyokaa kwenye kile kiti chake, na wengi walikaa vibaya.

Kuhusu kugusa, nitasimulia kisa kimoja tu. Palikuwa na mzee mmoja mjane, alitoka upande wa Mwingi, ambaye alianza kuja kupigwa picha ndogo za pasipoti. Mzee yule hakuwa na safari. Mama yangu, ambaye alimshonea shati baada ya shati kwa ajili ya picha hizo, ndiye aliyetambua kwanza, na akamwambia jirani yake kwamba anamnyonya mzee wa watu. Mama wa Studio alicheka. Alisema picha za mzee hupiga bila filamu siku nyingi, na mzee anajua, na wote wawili hawajawahi kulizungumza. "Kola yake inakataa kunyooka," alisema. "Wewe unaishona kwa ukaidi gani?" Na kweli nilipochungulia siku moja nilimwona mzee ameketi mbele ya maporomoko, macho ameyafumba, na yeye ameinama akimnyoosha kola polepole, huku na huku, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Mikono ile ndiyo iliyomfungulia milango ya nyumba za Waislamu. Familia za asili ya pwani zilizokaa Kitui tangu zamani zilikuwa na desturi kwamba siku ya harusi mpiga picha wa kiume haingii upande wa wanawake. Wapiga picha wote walikuwa wanaume, isipokuwa yeye. Kwa hiyo mlokole huyu wa kwaya, aliyefunga kilemba cha kanisa na kubeba Biblia yenye zipu katika mkoba mmoja na filamu zake, ndiye aliyeingia. Alivua viatu mlangoni, akaomba maji ya kunawa kabla ya kukaribishwa, akanawa hadi kwenye viwiko, na ndipo akamgusa bibi arusi. Filamu za siku hizo hakuzituma Nairobi kwa mkono wa mtu. Alizipeleka mwenyewe kwa mwanamke mmoja aliyefanya kazi kwenye mashine za kusafisha picha za rangi, akasimama naye hadi picha ya mwisho itoke. Dirishani mwa studio yake ungeona wachungaji, wanajeshi, mapacha, na mbuzi mmoja aliyeshinda maonyesho ya kilimo. Bibi arusi wa Kiislamu hukuona hata mmoja.

Sasa niseme juu ya kamera.

Ile ya kwanza ilikuwa ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, na ilikufa katikati ya miaka ya themanini. Kile kifuniko kidogo kinachofunguka kuruhusu mwanga kilikataa kufunguka, na mafundi wakainua mikono. Akanunua nyingine Nairobi. Hiyo mpya ilikuwa nyepesi, na mgongo wake pamoja na mahali pa kushikia vilivikwa ngozi ya mpira mweusi, laini kama sikio la mwanambuzi. Alivuka ukuta kuja kutuonyesha. Mama yangu aliipapasa kwa mgongo wa kidole jinsi anavyopapasa kitambaa, akatikisa kichwa kwa kukubali. Wanawake wa sokoni walipewa zamu ya kuishika.

Asiyekulia Ukambani huenda asielewe kilichofuata. Nchi yetu inakausha. Kiangazi kikikaza, visigino hupasuka, midomo hupasuka, mkanda wa ngozi unaokatika katikati ya safari huwa ulianza kukatika tangu Agosti. Kwa hiyo sisi hupaka mafuta. Tunapaka watoto kabla ya shule hadi wanang'aa kama biringanya. Tunapaka kigoda cha babu, mpini wa kisu, kamba za ngozi za kubebea kuni. Kinachopendwa hupakwa. Bibi yangu alimpima mke wa mjomba kwa jambo hilo tu: alitazama mafuta kwenye viwiko vya wajukuu. Basi Mama wa Studio, kila asubuhi baada ya kujipaka mikono, alibakiza mafuta kidogo kiganjani kwa ajili ya kamera. Aliisugua mgongo na kishikio taratibu, akiimba. Nilimwona mara nyingi. Hakuna hata mmoja wetu, msomi au asiye msomi, aliyewahi kumwambia aache, kwa sababu kamera ilipendeza.

Ilipendeza kwa miaka. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, akaitwa Emali kupiga picha za sherehe ya kuwekwa wakfu kanisa jipya. Emali ni njia panda ya malori na jua, na siku hiyo jua lilikuwa limefika mapema kuliko wageni. Baada ya ibada aliteremsha kamera usoni, na shavu likafuata. Lilinata. Alipolibandua, alikuwa mweusi kuanzia sikioni hadi puani. Tingo mmoja aliyekuwa juu ya lori lililoegeshwa kando ya uwanja alimwita, "Mama, sufuria imekubusu?" Naye akamjibu, "Imenibusu. Wewe wiki hii umebusiwa na nani?" Wenzake tingo walimcheka hadi akateremka lorini kuja kuomba apigwe picha. Alipigwa, na aliguswa, na alirudi juu ya lori na alama nyeusi ya kidole kidevuni. Siku hiyo jambo lote lilikuwa mzaha.

Alivyokuwa, alilichukua kama mzaha kwa muda mrefu. Aligundua kwamba kule milimani Nunguni, kwenye ukungu na baridi, mpira ulitulia ukawa na adabu, kwa hiyo akaanza kuwashauri wachumba waoane Julai, na waoane Nunguni. Kwamba wachumba wengi hawakuwa na ndugu Nunguni, hilo hakulijali. Alijaribu poda ya watoto. Poda ikachanganyika na ule ulimbo, kamera ikawa kama chapati iliyoanguka jivuni. Alijaribu mafuta ya taa; Jumapili hiyo kwaya nzima ilitafuta taa inayovuja. Alijaribu majivu, ndimu, na mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi. Mwisho akavaa glavu za sufu alizofumiwa na mwanamke wa Nunguni, akashinda nazo siku moja katika joto la Kitui, akiwagusa watu videvu kwa vidole vya sufu. Mama yangu alimtazama kupitia mlango akamwambia anafanana na daktari wa ng'ombe. Alizivua akazitupa juu ya paa.

Na kila asubuhi aliongeza mafuta. Aliona ngozi inayougua, na kwetu ngozi ikiugua dawa inajulikana.

Mzaha uliisha siku alipoacha vidole vitatu vyeusi kwenye kofia nyeupe ya mtoto mchanga aliyeletwa kupigwa picha ya kwanza. Mama wa mtoto hakugomba. Alisema tu, kwa upole mwingi, kwamba siku nyingine atamshika mtoto mwenyewe. Baada ya hapo watu walianza kurudi nyuma nusu hatua anapowakaribia, na kumwambia, "Mama, niambie tu nigeuke wapi." Akawaambia. Akasimama nyuma ya kamera na kuwaambia inua, shusha, geuka, na watu wakainua, wakashusha, wakageuka, na picha zikatoka kali, zenye mwanga mzuri, za watu waliosimama kama miti ya simu. Mzee wa Mwingi alikuja. Akaambiwa ajinyooshe kola. Akajinyoosha, akapigwa picha, akashukuru, na msimu mzima hakuonekana tena.

Mama yangu aliniandikia habari hizo Nairobi, nilikokuwa nimeanza kufundisha, kwa sentensi moja niliyoielewa vizuri: siku hizi hakusikiki wimbo upande wa pili.

Nilirudi nyumbani likizo ya mwisho wa mwaka na kukuta harusi ya Zuhura imekaribia. Zuhura alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, mjukuu wa Bi Rukia, ambaye nyumba yake ya ua mpana ilikuwa nyuma ya msikiti na ambaye alimlea tangu mama yake alipofariki. Mama huyo hakuacha picha. Alipoolewa hapakuwa na mwanamke mpiga picha Kitui, na mwanamume aliyeajiriwa alikaa nje na kupiga alichoruhusiwa: wanaume, gari, na mlango wa nyumba ukiwa umefungwa. Zuhura alikuwa na picha ile ya mlango. Utotoni alinionyesha akasema, "Mama yuko hapo ndani." Kwa hiyo kuhusu harusi yake mwenyewe alikuwa na ombi moja tu, na nyumba nzima ililijua: apigwe picha, yeye na wanawake wake, ndani.

Na Mama wa Studio alikuwa amekataa kuja.

Nilitumwa mimi, kwa kuwa ukuta ulitufanya jamaa. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, mgongo kwenye maporomoko, kamera mapajani juu ya gazeti. Gazeti lilikuwa limeganda.

"Mwaitu," nilimwita, kama tunavyowaita mama zetu, "Bi Rukia amenituma."

"Najua. Mwambie mimi ni mgonjwa."

"Unaumwa na nini?"

Akanyoosha mikono yake miwili. Mistari ya viganja ilikuwa imejaa weusi, kama mito kwenye ramani.

Nilimwambia wanaweza kuvumilia. Nilimwambia anaweza kusimama mbali kidogo, siku moja tu. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kama chuo kikuu kimenifundisha mambo hayo au nilizaliwa nayo. "Nisimame mbali kama polisi wa barabarani?" alisema. "Nimwambie bibi arusi geuka huku, geuka kule? Hiyo si picha, mwana wakwa. Hiyo ni ukaguzi."

"Zuhura hana picha ya mama yake."

"Unaniambia mimi? Nimemtafutia kwa negativu zangu zote, hata zile za soko. Nilidhani labda alipita nyuma ya mtu." Aliitazama mikono yake. "Ndiyo maana siendi. Huyo si mtu wa kupewa picha mbaya."

Nilirudi na jibu hilo nikiwa nimeinamisha kichwa. Bi Rukia alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa chake. "Mwambie aje na ugonjwa wake siku ya hina," alisema. "Hapa kuna wauguzi."

Mara hiyo ya mwisho kumwona kazini ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Alikuja alasiri ya siku ya hina, amefunga kilemba cha kanisa, kamera imo ndani ya mfuko wa plastiki ambao ameushika mbali na mwili kama mtu aliyetumwa kutupa panya. Alikuja kutoa ushahidi, si kupiga picha. Biblia, filamu na flashi aliviacha mkobani. Uani Zuhura alikuwa ameketi juu ya mkeka, amevaa leso mpya, mikono na miguu ameinyoosha, na mchoraji wa hina amemaliza mkono mmoja. Wanawake walikuwa wamejaa hadi vizingitini. Mama yangu alikuwa akimalizia pindo la gauni. Palinuka karafuu, vitunguu na pilau.

Mama wa Studio alivua viatu, akanawa hadi viwikoni kwa desturi yake, ingawa maji yaliteleza juu ya weusi ule na kuuacha pale pale. Kisha akaitoa kamera mfukoni, akaiweka juu ya sinia mbele ya Bi Rukia. Bi Rukia akaigusa. Kidole kikabaki. Akakivuta, na uzi mwembamba mweusi ukavutika pamoja nacho.

"Huyu haumwi," Bi Rukia alisema. "Huyu ameiva." Akanusa kidole. "Mbona ananuka mafuta?"

"Ni mafuta yangu. Nampaka kila asubuhi."

Bi Rukia aliivuta sinia karibu. Alifungua ule mkanda mpana wa ngozi unaoning'iniza kamera shingoni, ambao tangu dukani ulikuwa umelala juu ya pembe moja ya mgongo wa kamera na haukuwahi kutolewa. Chini yake palikuwa na kipande cha mpira, kirefu kama kidole, kikavu, kimetulia, laini kama sikio la mwanambuzi.

"Hapa hukupaka?"

"Mkanda umeziba. Mkono haufiki."

Mama wa Studio aliinama akakitazama kile kipande, akakigusa, akatazama kidole chake safi. Mabega yakaanza kumtikisika, na mama yangu akaacha pindo akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakaa chini sakafuni, akafuta macho kwa mgongo wa kiwiko, na alipopata pumzi akasema, "Nimeipenda mpaka nimeipika."

Kwa ajili ya ukweli lazima niongeze jambo nililolijua baadaye. Mpiga picha wa Matiliku, mwanamume mchafu aliyenunua kamera ya aina ileile na asiyeipaka hata mate, naye yake iliyeyuka mikononi mwake. Ilichelewa tu miaka michache. Huenda mpira ule ulikuwa na ahadi yake na joto, na mafuta yaliiharakisha tu. Nilipomwambia Mama wa Studio, alifikiri kidogo akasema afadhali, lakini yake angalau ilikufa inang'aa.

Siku ile, hata hivyo, tuliamini kosa ni la mafuta pekee. Bi Rukia alisukuma sinia katikati ya mkeka na kutoa hukumu: anyonyolewe. Na hilo wanawake walilijua. Shangazi yake Zuhura, ambaye alikuwa muuguzi, alileta chupa ya spiriti na pamba. Kucha zikasogea. Mama wa Studio alizunguka sinia akipiga kelele kwamba asisogelewe machoni, kwa maana ya lenzi, akaifunga lenzi kwa kitambaa na kitambaa kwa uzi wa mama yangu, na kwa muda hakuthubutu kuanza. Alisema akivuliwa hiyo ngozi hatakuwa yeye tena. Mtu akamwambia kuku naye husema hivyohivyo. Basi akalowesha pamba, akasugua pembeni, akashika ncha, akavuta. Na mpira ukaondoka kwa utepe mrefu mmoja kama ganda la ndizi ya kuchemshwa. Shangwe iliyopigwa ilimleta mwanamume mmoja mlangoni kuuliza kama bibi arusi ametoka. Akajibiwa arudi kwa wenzake.

Tulisugua sote. Nilisugua mimi na shahada yangu, alisugua mama yangu ambaye hakuruhusiwa kushika gauni tena siku hiyo, alisugua Bi Rukia mwenyewe kwa kidole gumba. Chini ya ngozi palikuwa na plastiki ngumu, yenye kung'aa, baridi, isiyo na sura wala haya. Ilikuwa kamera mbaya kuliko zote nilizowahi kuona, na haikunata. Mama wa Studio aliipitisha kwenye shavu lake, taratibu, akaibandua. Ikabanduka. Akatazama juu, akaona jua limebakia kwenye nusu ya ua tu, akauliza mkoba wake uko wapi.

Akaufunga tena mkanda, akavisha filamu. Hapo ndipo alipoitazama mikono yake. Mikono yetu sote ilikuwa myeusi hadi vifundoni, lakini weusi wa yake ulikuwa wa miaka. Akainawa kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu ya jikoni. Spiriti tulikuwa tumeimaliza kwenye kamera. Weusi ulipungua ukabaki. Akarudi akasimama mbali, karibu na ukuta, akainua kamera.

"Geuka kidogo kulia, mama," alisema.

Zuhura hakugeuka.

"Kidogo tu. Jua linaondoka."

"Mbona umesimama huko?"

"Mikono yangu, mwanangu. Kesho utakuwa safi, nitakuja na—"

Zuhura akainua mikono yake yote miwili, wa pili nao umeshachorwa, hina imelowa juu yake hadi viwikoni, nyeusi na nene kama tope la mfinyanzi. "Na hii yangu ni safi?"

Wanawake wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu Mama wa Studio hakucheka. Alisimama pale muda ambao ulinitosha kuona jua likipanda ukutani. Kisha akaning'iniza kamera shingoni, akavuka mkeka akiruka miguu ya watu, akapiga magoti. Akamshika mabega, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga. Akamnyoosha leso shingoni. Akamgusa kidevu kwa ncha ya kidole gumba, akakiinua kidogo, na akabaki hivyo kitambo, kama aliyekuwa amesahau uzito wa uso.

Alipotoa mkono, alama ilikuwa pale, nyeusi, ya mviringo, katikati ya kidevu cha bibi arusi. Akashika ncha ya kilemba chake haraka aifute.

"Usifute," Zuhura alisema. "Piga."